Sisimizi wa Mzee Huoshu

Jian Yuexia alipokuja kwetu mara ya kwanza, alimponda sisimizi mmoja kwa kidole gumba mbele ya picha ya marehemu baba mkwe wangu, akakinusa kidole, kisha akanisogezea mimi ninuse.

"Unasikia nini?"

"Nazi iliyooza," nilisema.

"Umemuua mume wangu," alisema mama mkwe wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Yuexia alimtazama. "Basi mumeo alikuwa ananuka nazi iliyooza. Pole sana, dada. Umevumilia mengi."

Hapo nilijua ama tatizo letu litakwisha, ama nitafukuzwa nyumbani kwa kumleta.

Yuexia alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa Zhushan, na nusu ya watu wazima wa mji huu wamewahi kuchapwa vidole na mwiko wake. Alikuwa mfupi, ana mabega ya mbeba magunia, na alitafuna tambuu bila kujificha, katika umri ambao wanawake wenzake walikuwa wameanza kujifanya watu wa heshima. Mumewe alikuwa ameondoka zamani. Ukimuuliza habari zake, alikujibu kwamba kumtoa mwanamume ndani ya nyumba ni kazi ndogo, huyo ukimnyima chakula siku mbili anaondoka mwenyewe. Sisimizi je?

Mambo ya sisimizi aliyaanzia jikoni mwa shule. Siku moja mwalimu mkuu alikuta sisimizi wadogo wa manjano wakielea kwenye supu yake. Yuexia akanunua dawa ya kopo na kupuliza kila pembe. Wiki iliyofuata mstari mmoja ulikuwa umekuwa mitano, na mmoja wao ulitokea ndani ya swichi ya jiko la mvuke. Akapuliza tena. Ikawa tisa. Mwishowe alivuta kigoda akakaa siku tatu akiwatazama tu, mwalimu mkuu akadhani mpishi wake amerukwa na akili. Alichogundua ni kwamba baadhi ya sisimizi wana malkia wengi katika kiota kimoja. Ukiwatisha kwa dawa wanagawana malkia na kuhama, kila kundi na chumba chake, kama ndugu waliogombana baada ya mazishi. Tangu hapo alilichukia kopo la dawa kuliko alivyomchukia mwalimu mkuu, na hiyo si chuki ndogo. Alipostaafu, watu wakawa wanamwita majumbani.

Kwetu sisimizi walianza siku ya mia baada ya kifo cha baba mkwe, Mzee Huoshu. Tulikuwa tumemaliza kufukiza udi mbele ya meza ya mababu, ghorofani, ndipo mama mkwe wangu, Bi Chunzhi, alipoona uzi mwembamba ukitembea kutoka dirishani, ukipanda mguu wa meza na kuishia nyuma ya picha ya mumewe. Sisimizi wenyewe walikuwa wadogo mno, kichwa cheusi na tumbo kama tone la maji.

"Amerudi," alisema.

Alichukua vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi mchanga, ambavyo kwetu hutumika kuwauliza wafu, akauliza kama ni yeye, akavirusha sakafuni. Kimoja kikalala kifudifudi, kingine chali. Maana yake ndiyo. Akarudia mara mbili zaidi, ndiyo na ndiyo. Kuanzia siku hiyo ikawa marufuku kuwagusa. Nilipofagia alinifuata nyuma akiniambia, "Taratibu, mpishe baba yako apite."

Mume wangu, Zhengyuan, ni mtu mpole isipokuwa akikuta sisimizi kwenye mswaki. Mama yake alipoenda sokoni, alipuliza kopo zima. Kesho yake tulikuwa na mistari minne, mmoja ukipita juu ya mto wake wa kulalia.

"Mmemkasirisha," alisema Mama.

Ndipo nikampigia Yuexia.

Baada ya ule mkasa wa kidole gumba, Yuexia hakubishana. Alikata vipande vitatu vya karatasi akaviweka sakafuni kando ya mstari. Kwenye kimoja alidondoshea maji ya sukari, cha pili akakiwekea samaki wa kopo, cha tatu kipande cha nyama ya nguruwe yenye mafuta, iliyopikwa kwa soya, aliyokuja nayo kutoka kwake. Halafu akaketi na kunitaka chai.

"Unafanya nini?" Mama aliuliza.

"Nawauliza wanakula nini. Wako wa sukari, wa nyama na wa mafuta. Ukimtegea wa sukari kwa nyama, atakupita kama hakujui."

Hatukumaliza hata kikombe cha kwanza. Karatasi ya sukari ilikuwa nyeusi pembeni. Samaki alikuwa na wageni wawili, waliopotea njia pengine. Nyama ya nguruwe hakuigusa mtu.

"Huoshu alipenda vitu vitamu," alisema Mama, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"Dada Chunzhi, sikiliza. Nilipika karamu ya harusi ya huyu Zhengyuan. Mumeo alikula sahani tatu za nyama hii hii, kisha akaja jikoni kuuliza kama imebaki. Awe hai, awe amekufa, awe amegeuka mdudu gani sijui, Huoshu hawezi kuipita nyama ya nguruwe bila kuisalimia."

Mama aliinama akaitazama ile nyama.

"Hilo ni kweli," alisema.

"Sasa tuone wanaenda wapi."

Tuliisogeza meza ya mababu, Zhengyuan upande huu, mimi na Yuexia upande ule, huku Mama akiomba radhi kwa kila babu kwa jina. Nyuma, kwenye upenyo kati ya meza na ukuta, kulikuwa na mkebe wa bati. Yuexia aliinua kifuniko. Ndani mlikuwa na peremende za ufuta, nusu zimeyeyuka, na juu yake sisimizi mamia, mayai meupe, malkia hata sikuhesabu. Chini kabisa kulikuwa na karatasi za peremende zilizokunjwa vizuri, moja moja, kama mtu anavyokunja nguo.

Mzee Huoshu alikuwa na kisukari. Miaka minne ya mwisho Mama alimpimia wali kwa kikombe, na hakuna chembe ya sukari iliyoingia nyumba hii. Kila alasiri mzee alipanda ghorofani kuwafukizia udi wazazi wake, akakaa huko nusu saa. Sote tulisema uzee umemfanya mcha Mungu.

Mama aliketi kitini. Hakulia. "Mimi nilikuwa naamka kabla ya jua kumchemshia mboga," alisema. "Mboga bila chumvi. Anasema asante, halafu anapanda huku."

Yuexia ndiye aliyemjibu.

"Bila mboga zako angekufa miaka mitatu kabla, na bila peremende zake angekuwa amekutoroka. Kila mmoja alifanya lake. Usimtukane sasa, hawezi kujibu."

"Nitamtukana," alisema Mama. "Mwongo mkubwa." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kile kilio alichokuwa hajalia tangu mazishi. Nilikaa naye. Yuexia aliupeleka mkebe uani na kuuzamisha kwenye ndoo ya maji moto ya sabuni.

Lakini mkebe haukuwa mwisho. Ile dawa ya Zhengyuan ilikuwa imewatawanya. Wengine walikuwa kwenye fremu ya dirisha, wengine nyuma ya vigae vya bafu. Yuexia alitaka kuweka chambo, na chambo ni sumu, na sumu ingekaa juu ya meza ya mababu. Mama akasema lazima aulize. Akarusha vile vipande vya mti. Vyote viwili vikalala chali.

"Hiyo ndiyo au siyo?" aliuliza Zhengyuan, ambaye hakuwahi kujifunza.

"Hiyo ni anacheka," alisema Mama.

"Acha acheke," alisema Yuexia. "Leteni sukari."

Maji nusu lita, sukari vijiko vinne vikubwa, unga wa asidi ya boriki, ndiyo sumu yenyewe, kijiko kimoja kidogo. Usizidishe, alituonya, maana ukiwa mkali sisimizi anafia njiani. Unamtaka afike nyumbani awalishe malkia na watoto. Tulilowesha pamba, tukaiweka kwenye vifuniko vya chupa pale mistari inapopita, mahali ambapo mbwa wetu hafiki. Njia zao tusizifute mpaka kazi iishe.

Siku ya kwanza walikuja wengi kuliko wakati wowote. Zhengyuan alimpigia Yuexia simu.

"Shangazi, wameongezeka."

"Si wamealikwa? Na ukigusa kopo, nitakuja nikupulizie wewe."

Siku ya tisa walikuwa wachache, wanazungukazunguka kama walevi. Ya kumi na mbili hapakuwa na kitu. Yuexia alirudi, akaziba nyufa za dirisha, akatuoshea kuta kwa sabuni, na akaamuru tukate tawi la mlongani, mti wetu wa matunda, lililogusa baraza, kwa sababu hilo lilikuwa daraja lao.

Mama hakutosheka na kuisha kwa sisimizi. Alitaka kuijua kazi yenyewe. Alianza kumtembelea Yuexia kwa chai, halafu akawa anapanda nyuma ya pikipiki yake, wakigombana njia nzima. Mwezi uliopita waliitwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mianzi aliyedai kwamba sisimizi wenye mabawa wamevamia sebule yake. Nilikuwepo, niliwapeleka kwa gari kwa sababu ya mvua. Yuexia alikuwa bado anatafuta miwani Mama alipookota mdudu mmoja dirishani, akamgeuza kwenye kiganja.

"Hana kiuno," alimwambia mwenye nyumba. "Mabawa yote manne yanalingana. Huyu ni mchwa, anakula boriti zako. Tafuta fundi leo leo."

"Nilikuwa karibu kusema hivyo," alisema Yuexia.

"Ungesema lini, dari ikishaanguka?"