Mvinje Uliomfika Baba Kidevuni

Utotoni niliamini, na ningekula yamini, kwamba apandaye mvinje hufa siku mti huo ukimpita kimo. Leo nimenusa majani ya mvinje yakichomwa katika bustani ya hoteli hapa Diani, na nimejikuta nikiipima kwa macho mivinje iliyosimama.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya. Kwetu Munje bahari ilikuwa inautafuna ufuo kama biskuti. Ilikwisha kumeza choo, sasa ilitaka jiko. Baba akapanda mivinje ili mizizi yake ishike mchanga. Ikarefuka kama iliyotumwa. Mmoja ulipomfika kidevuni, nikamng'ang'ania shati.

"Baba, ukate!"

"Nikiukata, mamako atapikia majini?"

Akainua ndoo aumwagilie. Nikapiga ukelele uliosikika mpaka Vanga. Bibi akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, nami nikamwambia kwa kwikwi kwamba mti ukimpita baba, baba atakufa.

Bibi akashusha mwiko.

"Mjukuu wangu, ule mvinje mrefu wa kisimani niliupanda mimi, kabla sijamzaa babako. Ulishanipita zamani. Je, wali wako wa mchana umepikwa na maiti?"