Dereva Hajakufa

Nikinusa moshi wa jenereta, nakumbuka siku ile. Narudi kwenye kibanda cha video pale Zombe, nimebanana na kaka yangu, aliyekuwa akibeba makaa ya magendo kwa pikapu. Kwenye filamu, dereva aliyewatoroka polisi siku nzima alikanyaga mafuta akicheka, akaingia moja kwa moja kwenye tingatinga zilizoziba barabara. Moto ukajaa skrini. Nikaficha uso.

"Hajakufa!" DJ aliyetutafsiria akapaza sauti kwenye maikrofoni. "Ameruka!"

Kibanda kizima kilishangilia, kaka akiongoza.

Tukirudi nyumbani kwa ile pikapu ya makaa, polisi walikuwa wametandaza miiba ya chuma barabarani.

"Kaka, simama!"

Akacheka vilevile. "Shikilia," akasema, akakanyaga mafuta.

Nikashika mlango, nikingoja sauti ya DJ.