Barakoa ya Nurys

Nianze kwa kusema wazi: Nurys hajawahi kuwa mwoga. Anayetaka kubisha aje kwangu, maana mimi ndiye mrushaji wa timu, na yeye amekuwa mdakaji wangu tangu tukiwa wasichana.

Hapa kwetu, kwenye vijiji vya miwa nje ya San Pedro, Jumapili bila besiboli si Jumapili. Wanaume wanacheza asubuhi, wanawake tunacheza baada ya chakula, jua likiwa la utosi. Kitu kipya kikitumwa na ndugu zetu walioko New York, kinaingia kwenye mfuko wa wanaume. Kikichakaa ndipo kinakuwa chetu. Ndivyo tulivyorithi ile barakoa ya nyaya za chuma ya kukinga uso wa mdakaji. Waya wake mmoja ulikuwa umekatika, tukaunga kwa waya wa kuanikia nguo.

Siku hiyo Nurys alikuwa amechuchumaa nyuma ya mpigaji, mahali pake pa siku zote. Mpira wangu ukakwaruza gongo lake, ukageuka, ukagonga barakoa palepale tulipounga na kuusukuma ule waya ndani. Niliusikia mfupa wa shavu lake ukivunjika.

Alipopona, nilidhani atapewa barakoa nyingine. Wapi! Kocha wetu, mzee Fello tunayemwita don kwa heshima, ana imani zake, na nusu ya kijiji wanamfuata. Alimletea ileile, ameiunga upya kwa waya uleule.

"Barakoa iliyomwaga damu yako lazima uivae tena mwenyewe," akasema. "Usipoivaa, nuksi inahamia kwa mwenzako. Unataka mwenzako aumie?"

Na wanaume wana barakoa mbili mpya! Mbili! Wilkin, mdakaji wao, alikuwa ameikalia moja akinywa bia. Akacheka.

"Dada Nurys, sisi tukipigwa usoni tunatema mate, tunaendelea. Nyie mna maneno mengi."

Nurys akavaa. Asingevaa, wangesema anatuombea mabaya. Nikarusha, akafumba macho, akageuza uso, mpira ukapita. Nikarusha tena, mambo yakawa yaleyale, na Jumapili zilizofuata hivyohivyo. Watu wakamtungia wimbo: "Nurys, funga macho ulale!" Hata watoto waliokuja kununua mikate yake ya kukaanga waliuimba mlangoni pake.

"Naacha, Mireya," aliniambia jikoni, mikono imejaa unga. "Nikichuchumaa naona ule waya tu. Mpira siuoni kabisa. Jumapili hii ndiyo ya mwisho."

Akalia. Besiboli ndiyo saa pekee ya wiki ambayo mwanamke huyu hamhudumii mtu, na sasa walikuwa wanamnyang'anya. Nilikasirika mno. Mtu amevunjwa uso na kitu kibovu, anavishwa kitu kilekile, halafu anaitwa mwoga kwa sababu hajasahau!

Jumapili hiyo mpira wangu mmoja ukampita, mkimbiaji wa wageni akapata pointi, wimbo ukaanza. Don Fello akapaza sauti kutoka kivulini: "Fumbua macho, mwanamke! Nuksi haitoki kwa woga!"

Nurys akasimama. Akaivua barakoa, akatembea hadi kivulini, akaiweka mapajani mwa kocha.

"Vaa."

"Nini?"

"Wewe ndiye unayeijua nuksi. Vaa uitoe. Mireya, rusha!"

Mwamuzi, ambaye ni shemeji yake don Fello, akaangalia pembeni. Mzee angefanyaje, kijiji kizima kinamtazama? Akavaa, akachuchumaa. Nami nikazungusha mkono kwa hasira zangu zote. Mpira sikuuachia hata. Mkono ulipopanda tu, don Fello alijitupa chali, viganja vyote viwili vimeziba palepale penye ule waya ulioungwa.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nurys hakucheka. Alikwenda kwenye mfuko wa wanaume, akatoa barakoa mpya, na hakuna aliyemzuia.

Sitadanganya kwamba hofu iliisha papo hapo. Mpira wa kwanza alifumba macho. Uliofuata aliudaka nusunusu, ukamponyoka. Kisha mpigaji akakwaruza mmoja, ukampiga Nurys katikati ya uso, chuma kikalia. Mimi nilishika kichwa. Yeye alibaki amechuchumaa, akapapasa zile nyaya moja moja kwa kidole, zote nzima.

"Haya," akasema, "leta."

Tulishindwa, kwa taarifa yenu, lakini tangu hapo hakupitwa tena. Baada ya mchezo don Fello akawatangazia watu kwamba nuksi imetoka, si aliwaambia? Nilijuta kwamba ule mpira sikuuachia.

Kesho yake Wilkin akaja jikoni kwa Nurys kudai barakoa yake. Nurys aligeuza mkate kwenye mafuta, hata hakumtazama.

"Ile ya zamani ipo uwanjani," akamwambia. "Kaivae. Wewe si ukipigwa usoni unatema mate, unaendelea?"