Siku Niliyoukana Moto wa Njano

Mimi ni mwalimu wa kemia, tena mwenye hasira za karibu. Siku hiyo niliazima betri ya bodaboda ili niwaonyeshe kidato cha tatu jinsi maji ya chumvi yanavyotoa haidrojeni. Nilikuwa na beseni, mrija wa kioo, waya mbili, na vijiti vya kaboni nilivyovichomoa kwenye betri kuukuu za redio. Mapovu yakapanda kwenye mrija upande mmoja. Upande wa pili kukanuka klorini, kama dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikasogeza kiberiti mdomoni mwa mrija. Paa!

"Andikeni mlichokiona," nikasema, wakati jibu nilishaliandika ubaoni tangu mwanzo wa kipindi: mwali wa buluu hafifu. Ndivyo tunavyofundisha. Mtihani wa taifa hauna masihara.

Msichana mmoja kutoka Matombo, ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha kidole, akanyoosha.

"Samahani mwalimu. Mimi nimeona njano."

"Njano umeiona wapi? Kitabu ndicho kilichokosea, au wewe?"

Darasa likaangua kicheko. Nikachukua daftari lake, nikaweka kosa kubwa kwa wino mwekundu. Akakaa.

Jioni, nyumbani Mazimbu, nilibandika ndizi kwenye jiko la gesi, nikatia chumvi, nikajisahau kwenye simu. Zikafurika. Kila tone la maji ya chumvi lilipoangukia moto, mwali wa buluu uligeuka njano, njano kabisa, mbele ya macho yangu. Nikaduwaa na mwiko mkononi. Miaka yote nafundisha kwamba sodiamu huupa moto rangi ya njano, na sodiamu imo kwenye chumvi! Mapovu yale yalikuwa yamebeba chembe za maji ya chumvi. Mtoto aliona sawasawa. Na mimi, nikisema ukweli, niliiona njano ile, nikajifanya sikuiona. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Asubuhi sikungoja hata kengele. Nikamwita mbele ya wenzake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jana nilikosea mimi. Haya, waambie wenzako uliona rangi gani."

Akatazama ubao. Jibu langu la jana lilikuwa bado halijafutwa.

"Buluu hafifu, mwalimu."

"Hapana mwanangu, usiogope. Sema ulichokiona."

Akanifungulia daftari. Alikuwa amelifuta neno njano kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, kisha akaandika upya pembeni, kwa mwandiko mzuri.

"Nilikosea kuona, mwalimu. Ilikuwa buluu."

Nilifunga zile waya upya, nikangoja mrija ujae, nikawasha. Paa! Njano tupu, hata waliokaa nyuma waliguna. Nikageuka kumwangalia yeye. Hakuwa akiutazama mrija. Alikuwa ananitazama mimi usoni, akisubiri nimwambie ameona nini.