Mafuta Yaliyoganda kwa Mama Raudha

Salvina alipoanza kufuga funza nyuma ya nyumba yake pale Katoro, majirani walipita wakitema mate. Aliyeendelea kuja kunywa chai kwake alikuwa mmoja tu, Mama Raudha, muuza chipsi wa kijiwe cha bodaboda. Salvina alikuwa mjane wa watu wa Ushirombo. Mumewe alifukiwa ndani ya duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, kule Rwamgasa, na funza hao, waliokula machicha ya pombe na ndizi zilizooza sokoni, ndiyo kazi pekee iliyomtosha bila kumpigia mtu magoti.

Waliponona aliwamwagia maji ya moto, akawaanika juu ya bati, kisha akawakamua kwa mashine ya jeki, ile ya kukamulia alizeti. Mwanzoni mafuta yalitoka meusi, yenye harufu kali. Akayaosha kwa maji ya chumvi, akajaribu magadi, akayachuja kwenye mkaa uliotwangwa. Alimwaga mengi kabla hayajatoka safi, yenye rangi ya asali, yasiyonuka chochote. Alitengenezea sabuni, mengine yakaenda kwa wafuga kuku, na kila mnunuzi alimwambia yametokana na nini. Madumu yalipelekwa na Denis, mdogo wa marehemu mumewe.

Asubuhi moja ya baridi Mama Raudha alikuja na chupa mkononi.

"Salvina, wewe unayajua mafuta. Haya nauziwa sokoni kama alizeti. Mbona yameganda?"

Kwenye kitako cha chupa mafuta yalikuwa meupe kama samli. Alizeti haigandi hivyo. Salvina aliyatambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Hata hivyo alisema tu, "Niachie, nitayaangalia."

Jioni alimuuliza Denis kama ndiye aliyeyapeleka sokoni kwa jina la alizeti. Denis hakukana. "Yamemuua nani?" aliuliza. "Watu wanakula wanalamba vidole."

"Mama Raudha ni Mwislamu, Denis. Na anawalisha watu bila kujua."

"Basi naye asijue."

Salvina alikwenda kwa mama mkwe wake akitegemea kuungwa mkono. Bibi huyo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kulia. Mwanangu mmoja amelala chini ya ardhi, alisema, na huyu mwingine unataka wamuue barabarani? Ngoja kidogo, mayu, mama yangu, nitamkanya mwenyewe.

Salvina akangoja. Kila alipomwona Mama Raudha alijipa kazi, akainama kwenye mabeseni yake.

Dereva wa bodaboda aliyezoea kubeba madumu ya Denis ndiye aliyeropoka, akiwa amelewa, kwamba chipsi za Mama Raudha hukaangwa kwa mafuta ya funza; jina la muuzaji hakulitaja. Kesho yake kundi la vijana lilikwenda kijiweni, likapindua jiko la Mama Raudha, likavunja kabati lake la vioo. Walimwita mlisha funza mbele ya binti yake. Denis alikuwa ameshatorokea Maganzo. Kwenye kikao cha mtaa mwenyekiti alimuuliza Salvina nani aliyeuza mafuta yake kama alizeti. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, rozari mkononi, macho yake kwa Salvina.

"Sijui," Salvina alisema.

Wote wakaamini ni yeye aliyeuza. Mabeseni yake yalimwagwa na mashine ya jeki ikachukuliwa.

Siku chache baadaye alikwenda kwa Mama Raudha, akamkuta anafunga magodoro kwa kamba. Alikuwa anarudi Tabora kwa dada yake. Salvina alimweleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kukaa.

"Nilijua si wewe uliyeuza," Mama Raudha alisema. "Hilo halikunisumbua. Siku ile niliyokuletea chupa, ulijua?"

"Nilijua."

"Nikaendelea kukaanga wiki nzima."

Salvina alishika upande wa pili wa kamba ili amsaidie kuikaza. Mama Raudha aliitoa mkononi mwa Salvina, taratibu, bila hasira, akafunga mwenyewe.

Mwaka huu Denis amefungua duka la sabuni Maganzo, na mama mkwe amehamia kwake. Salvina anafua nguo za wachimbaji Rwamgasa. Huko hakuna anayemjua, na akiulizwa zamani alifanya kazi gani, anasema alikuwa mkulima.