Nilivyoita Shule Nzima kwa Chakula Saa Moja Asubuhi

Nianze kwa kukiri: ni mimi niliyeita shule nzima kwa chakula cha mchana saa moja asubuhi, mpishi akiwa bado anatafuta kiberiti. Saa nne, siku hiyo hiyo, nikawatoa wote madarasani wakacheze mpira. Na sikuwa nafanya mzaha. Hiyo ndiyo iliniuma, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimejaribu kufanya kitu vizuri.

Nyinyi wa Gredi ya Kumi mnaojiunga na Chama cha Kompyuta, kaeni vizuri niwaeleze kazi ilivyofanywa enzi zetu, yaani mwaka jana. Nimestaafu muhula huu nikiwa na miaka kumi na saba, maana watu wa kidato cha nne hawaruhusiwi vyama. Naongea kama mzee kwa sababu nimepitia mengi.

Siku yangu ya kwanza kazini nililetwa na adhabu. Nilikuwa nimepiga kelele maktaba, nikatumwa kwa Mwalimu wa Kompyuta, madam mfupi ambaye hapandishi sauti hata akikasirika. Alinipa karatasi. "Niandikie hatua za kufagia hii maabara. Andikia mtu asiyejua chochote."

Niliandika mistari mitatu: Chukua ufagio. Fagia. Rudia.

"Nimemaliza, madam. Huyo mtu asiyejua chochote ako wapi?"

"Ni wewe. Fanya vile umeandika."

Nilifagia. Nikafika ukutani, nikarudia. Wenzangu walitoka mapumziko, wakala mandazi, wakarudi, mimi bado.

"Madam, naacha lini?"

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema rudia."

"Basi rudia, bwana."

Mwishowe niliomba kalamu nikaongeza mstari: Mpaka sakafu iwe safi. Ndipo akanieleza kwamba kazi inayorudiwa hivyo huitwa kitanzi, na ule mstari nilioongeza ni sharti, yaani kitu kinachoiambia kazi iishe. Kompyuta haichoki wala haioni aibu, alisema, kwa hivyo usipoiambia iache, haitaacha. Nilitaka kujibu kitu cha kuchekesha. Badala yake nilinyoosha mgongo, ulikuwa unauma.

Nikabaki pale hata baada ya adhabu kuisha. Nilifundishwa maamuzi, yale ya "kama mvua inanyesha, beba mwavuli, la sivyo, uache." Nilifundishwa kigeu, ambacho ni kama kikombe chenye jina: unaweka namba ndani, kesho unaibadilisha, jina linabaki. Na nilifundishwa kutogusa kibodi kabla sijaandika hatua zote kwa karatasi. Hiyo ya mwisho ilinichukua muhula mzima, kwa sababu vidole vyangu havina subira.

Halafu nikapandishwa cheo hadi Idara ya Kengele. Wakati huo kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia kwa mti, na aliyeipiga alikuwa anasinzia. Mwalimu wa Kompyuta aliunganisha kengele ya umeme na kompyuta moja kuukuu, akaniambia niandike programu ya kuiliza, kila shughuli na mlio wake. Naibu Mwalimu Mkuu akaja mlangoni kunipa saa za kengele.

"Andika. Masomo saa mbili. Mapumziko saa nne. Chakula saa saba. Michezo saa kumi. Na usiniletee vituko."

"Sir, mimi na vituko tuliachana."

Nikaandika mbili, nne, saba, kumi. Vile vile alivyosema.

Jumatatu, walinzi walisema kengele ililia mara mbili kukiwa bado giza, na mmoja akaanza kuomba. Saa moja asubuhi ikalia ya chakula: watu wakapanga laini na sahani. Saa nne ikalia ya michezo, na Naibu akabaki katikati ya somo la kemia akiangalia darasa lake likitokea dirishani.

"Nani alisema michezo?" aliniuliza, amenifuata hadi maabara.

"Kompyuta, sir."

"Kompyuta inataka kucheza mpira?"

"Sir, hii si mzaha, naapa."

"Wewe kila kitu ni mzaha." Akaandika barua. "Alhamisi uje na mzazi. Hiyo kengele ilie sawa nikiwa nimesimama hapa. Isipolia sawa, chama kimefungwa, maabara itawekwa magunia ya mahindi, na wewe utakaa nyumbani wiki mbili."

Madam alisimama kando. Aliangalia tu zile kompyuta kumi alizozitengeneza mwenyewe kutoka kwa vyuma vya kutupwa, na hapo nikasikia haya ya ukweli.

Nyumbani kwetu Kihoto, ile sehemu ambayo maji ya ziwa linalofurika bado hayajaifikia, nilimpa Mama barua. Mama ni mlinzi wa geti huko Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Alisoma, akaomba aone karatasi niliyoandikia programu.

"Naibu alisema saa saba?"

"Ndio."

"Na wewe umeandika saba. Sasa kosa liko wapi? Hata mimi ningeandika saba."

Nikakumbuka madam alivyotufundisha kutafuta kosa: unapitia programu mstari kwa mstari, ukijifanya wewe ndiye kompyuta. "Mum, nisaidie. Wewe uwe saa. Niambie sasa ni saa ngapi."

Aliangalia simu yake. "Saa kumi na moja."

"Soma vile imeandikwa."

"Imeandikwa kumi na..." Akasita. "Kumi na saba."

Tukaangaliana. Sisi huhesabu saa kutoka jua likichomoza. Kompyuta huhesabu kutoka usiku wa manane. Tunapishana kwa sita. Naibu alisema kweli, mimi niliandika kweli, na mashine ikatii kweli. Hakuna aliyekuwa ameiambia kwamba sisi ni watu wa saa saba mchana.

Ningefuta zile namba niweke zingine. Lakini nilijua Naibu ataleta saa mpya kesho, na ataongea vile anaongea siku zote. Kwa hivyo niliziacha, nikaongeza mstari mmoja: saa ya kompyuta ni saa ya Naibu jumlisha sita. Nimeandika mistari mingi tangu hapo. Huo ndio ninaojivunia mpaka leo, na bado unafanya kazi. Atakayeugusa kati yenu nitamtafuta.

Alhamisi tulisimama maabara: Naibu akiikodolea macho saa ya mkono, madam amefumbata mikono, Mama na sare yake ya kazi, ameshika simu juu. Nilimweleza Naibu kosa, pole pole, bila utani hata mmoja. Dakika ya mwisho ilikaa kama wiki.

Ikalia. Saa saba kamili.

Naibu aliangalia saa yake, akaniangalia mimi, akamwambia madam, "Magunia tutatafutia mahali pengine." Akatoka kwenda kula. Madam akageuka dirishani akipangusa macho, akidai ni vumbi.

Mimi nilikuwa nangoja Mama aseme neno. Aliishusha simu, akaibonyeza, akaikunjia uso, kisha akasema:

"Kamau, hii kitu haikuwa inarekodi. Hebu liza tena."