Seli Zilizoshikana Juu ya Kahawa ya Mama

Mama aliwatangazia wenzake, bila kuniuliza, kwamba binti yake anayesomea maabara yuko likizo na atawaeleza virusi vinafanya nini mwilini. Wenzake ni kikundi cha watu kumi hivi wanaotumia dawa za VVU hapa Ihanda. Hukutana nyumbani kwetu Jumapili baada ya ibada. Mama mwenyewe anameza dawa hizo tangu nikiwa darasa la pili, na hakuwahi kunificha.

Nilijiandaa siku mbili. Nikawaamkia wakubwa, nikafungua daftari.

"Virusi vikishaingia kwenye seli ya kinga, vinabadilisha utando wake wa nje..."

"Ongea Kiswahili," mama akasema.

"Mama, hiki ni Kiswahili."

"Basi tafuta kingine."

Walicheka, mwanamke mwenye duka mjini Kayanga akacheka kuwazidi wote. Babu zake walitoka Tanga, na hapa kwetu hakuna ambaye hajawahi kusahihishwa Kiswahili naye. "Maneno yake ni sahihi," alinitetea. "Ila hayafiki."

Nikafunga daftari. Nikawasimamisha watu watatu: mama, huyo mwenye duka, na fundi baiskeli wa njia panda, mzee mpole anayeitikia kila jambo.

"Nyinyi ni seli zinazomeza vijidudu. Kazi yenu ni kuzunguka mwilini mkivitafuta. Zungukeni."

Wakazunguka uani. Mama alitembea kama anayekagua migomba ya jirani.

"Sasa mmeambukizwa. Virusi vimewatia mnato, kila mmoja anamnata mwenzake, mwishowe mnakuwa seli moja kubwa." Nikawafunga pamoja kwa kitenge. "Haya, kuna mdudu jikoni. Mfuateni!"

Mama alivuta kuelekea jikoni. Mwenye duka alitaka kuzunguka asikanyage kahawa iliyoanikwa. Fundi aliwakubalia wote wawili. Wakaanguka juu ya kahawa, wote watatu.

"Kwa hiyo zikishashikana hazitembei?" mwenye duka aliuliza, akikung'uta baibui lake.

"Zile kubwa sana hukwama, na bado zinaendelea kuzalisha virusi. Ndogo zinaweza kutembea, zikabeba virusi mpaka mbali."

"Yaani zikikaa ni balaa, zikienda ni balaa," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ungesema hivyo mapema. Tusingelala kwenye kahawa."

Watu walipoondoka, fundi alibaki kunisaidia kukusanya kahawa.

"Mwanangu," alisema, "zile zilizokwisha kushikana, mtu akianza tena dawa, zinaachana?"

"Akianza tena?"

Alikiri huku akiokota. Alikuwa ameacha dawa tangu msimu wa kahawa ulipoanza. Alijiona ana nguvu, anapanda vilima na baiskeli bila kuhema, akaona dawa za nini tena. Na kila Jumapili alikuwa akikaa nasi, akiitikia.

"Sijui, baba. Sidhani kama zinaachana. Ninachojua ni kwamba dawa inazuia virusi visiingie kwenye seli mpya, na mwili unatengeneza mpya kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nilipogeuka nikamwona mama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Namjua mama, nilisubiri moto uwake.

"Kesho asubuhi nina safari ya kituo cha afya," alisema taratibu. "Utanipakia kwenye baiskeli yako."

Fundi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mama huyu, kwa kilima kile? Bora twende kwa miguu."

Wakaenda kwa miguu. Muuguzi alimsema fundi kidogo, akamsikiliza sana, akampima, na siku hiyohiyo fundi akarudi na dawa zake. Kwa wiki kadhaa mama alipita kwenye kibanda chake kila jioni, akidai baiskeli yetu inahitaji upepo. Baiskeli yenyewe hatuna.

Nilikuwa nimesharudi chuoni mama aliponipigia. Vipimo vya fundi vilikuwa vimetoka, na virusi vimepungua mpaka mashine haivioni. Nilikaa kwenye ngazi za bweni, machozi yakanitoka.

"Alitaka kukushukuru mwenyewe, lakini anaona haya," mama alisema. "Kwa hiyo shukrani nimezipokea mimi, pamoja na mkungu wa ndizi aliokuletea. Ulikuwa mtamu sana."